Mti wa pambo unaostahimili kiangazi: jinsi ya kuuchagua na kuukuza kwenye viwanja vya Mwanza

Mvua za vuli zikikaribia, wanaohamia viwanja vipya vya Buhongwa, Kisesa, Nyegezi na kule juu Isamilo huja na maswali yaleyale. Nipande mti gani wa kupendezesha nyumba ambao hautanidai maji kila siku? Mkrismasi wangu ulistawi hadi Juni, mbona ukafa Agosti? Kiwanja changu ni mawe matupu, je, mti utashika? Mizizi haitainua ukuta? Nayajibu yote hapa, kuanzia kupima udongo hadi siku unapoweka ndoo pembeni.

Kabla hujatoa hela kitaluni, shika jambo hili moja: kustahimili ukame ni sifa ya mti uliokwisha shika mizizi. Mche hauna sifa hiyo, hata kama ni wa jamii inayoota jangwani. Mche uliotoka kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kitaluni, una mizizi ya kina cha kiganja tu, na kiganja cha juu cha udongo ndicho kinachokauka kwanza. Kazi yako yote ya miaka miwili ya mwanzo ni kuivuta ile mizizi iende chini. Ikishafika chini, mti utajitafutia wenyewe.

Mwanza si sehemu kame. Kwa mwaka inapata mvua ya milimita 1,000 hivi, na wakati mwingine zaidi. Shida ni jinsi mvua hiyo inavyogawanyika na udongo unaoipokea. Vuli huanza Oktoba au Novemba, Januari na Februari mvua hulegea, masika huja Machi hadi Mei, kisha kuanzia Juni hadi Septemba unaweza kukaa wiki nyingi bila tone. Udongo wa miinuko yetu nao ni kichanga kilichomomonyoka kutoka kwenye mawe ya itale: maji yanapita haraka, hayakai. Ongeza na mawe yenyewe, yanayopigwa jua mchana kutwa na kuendelea kutoa joto usiku, utaona kwa nini mche wa kwenye mteremko wa Mabatini unateseka kuliko wa bondeni.

Vitu vya kuandaa

- Kipande cha nondo ya milimita 8, urefu wa mita moja, kilichochongoka ncha
- Jembe, sululu, na mtaimbo kama kiwanja kina mawe
- Ndoo mbili na dumu la lita 5 lisilotumika
- Debe moja la samadi iliyoiva vizuri au mboji, kwa kila shimo
- Nyasi kavu, maganda ya mpunga au majani makavu ya matandazo
- Wembe mpya au kisu kikali
- Miiba, matofali au wavu wa kuzuia mbuzi
- Kigingi kimoja na kipande cha tyubu ya baiskeli, kama kiwanja kinapigwa na upepo wa ziwani

Mbolea ya dukani sijaiweka kwa makusudi. Mche wa pambo hauihitaji mwaka wa kwanza, na ukizidisha unapata majani mengi ambayo mizizi michanga haiwezi kuyanywesha kiangazi kikifika.

Hatua ya 1: Pima udongo wako kabla ya kuchagua mti

Watu huanza na mti wanaoupenda, kisha wanautafutia mahali. Anza na mahali. Subiri siku moja baada ya mvua nzuri, au mwagia sehemu unayoitaka ndoo mbili za maji jioni na urudi asubuhi. Chukua ile nondo uichomeke ardhini kwa mikono miwili, bila nyundo. Weka alama kwa kidole pale ilipogota, itoe, ipime. Rudia kila baada ya hatua moja kwenye eneo lote la mti. Ikigota sentimita 20 sehemu moja na sentimita 80 hatua mbili pembeni, umeshajua pa kupanda. Sauti nayo inasema: ukigonga jiwe mlio ni mkali na nondo inadunda, ukigonga udongo mgumu nondo inasimama kimya, na hapo sululu litapita.

Kisha pima upitishaji wa maji. Chimba kishimo cha sentimita 40, kijaze maji, yaache yaishe, kijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yamo kesho yake saa kama hiyo, hapo hapafai mti wa ukame. Utaliona hili sana kwenye udongo mweusi wa mbuga, na kwenye viwanja vilivyo kando ya ziwa. Mwaka 2020, na tena 2024, maji ya Ziwa Victoria yalipanda sana, na viwanja vya ufukweni vililowa kwa miezi. Miti hii inavumilia kiu lakini haivumilii kusimama majini. Ukikaa karibu na maji, inua tuta la upana wa mita mbili na kimo cha sentimita 50, upande juu yake.

Na wenye mawe? Usipande juu ya mwamba, panda chini ya mwamba. Ukiitazama mitini-pori inayoota kwenye miamba ya Capri Point na Bugando utaona shina liko juu lakini mizizi imeteremka ufa kwa ufa hadi kwenye udongo. Mguuni mwa jiwe ndipo udongo unapojikusanya, na ndipo maji yanapomwagika. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Jiwe lenye mgongo wa mita za mraba 20, ikinyesha milimita 10, linashusha karibu lita 200, ukitoa kidogo kinachobaki kwenye vijishimo. Mvua ikinyesha toka nje uangalie maji yanashukia wapi. Shimo lako lichimbe hapo, mita moja au moja na nusu kutoka kwenye jiwe ili joto lake lisiunguze shina, na uyaelekeze maji kwa kifereji kidogo. Kwa kiwanja cha Mwanza huu ni utajiri, na inaniuma kuona watu wanaupasua wote kuwa kokoto kabla hawajaufikiria.

Hatua ya 2: Chagua mti unaolingana na nafasi yako

Kwa mgeni wa kazi hii napendekeza miti mitatu tu.

*Mkrismasi.* Asili yake ni Madagaska, na huku umeenea hadi wengi wanaudhani wa kwetu. Unafika mita 10 hadi 15, kivuli chake ni kipana kuliko urefu wake, na maua yake mekundu huanza kuwaka mwisho wa mwaka. Unataka udongo wa kina cha sentimita 60 au zaidi. Mizizi yake hutambaa juujuu na ina nguvu, kwa hiyo uweke mita 8 hadi 10 kutoka kwenye ukuta, bomba, chemba ya choo na sakafu ya zege, na usiupande kabisa chini ya nyaya za umeme. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba katikati hakina nafasi ya mkrismasi, hata ukiupenda namna gani.

*Franjipani.* Huu ndio ninaowapa wenye viwanja vya mawe. Umetoka Meksiko na nchi za jirani yake, unabeba maji kwenye matawi yake manene, na unatosheka na udongo wa sentimita 40. Haufiki mbali, mara nyingi mita 4 hadi 6, na mizizi yake haina ugomvi na ukuta. Mita 2 hadi 3 zinatosha. Harufu ya maua yake jioni inafika barazani. Tahadhari: utomvu wake mweupe huwasha ngozi na ni hatari machoni. Ukate ukiwa umevaa glavu na watoto wakiwa mbali.

*Mlundalunda*, ambao wengine huuita mkundekunde. Huu ni mti wetu wa porini, una maua ya njano yanayotoka mwishoni mwa kiangazi wakati kila kitu kingine kimekauka, na maganda marefu ya mviringo yanayoning'inia. Unakua polepole kwa sababu miaka ya mwanzo unashughulika na mzizi chini. Kwenye vitalu ni adimu. Mara nyingi utaotesha mwenyewe kutoka kwenye maganda makavu. Upe mita 4 hadi 5 kutoka ukutani. Magome yake ni dawa inayotafutwa sana, hivyo usiupande nje ya uzio kando ya njia, maana utabanduliwa.

Ashoki sikuuweka ingawa umejaa mjini. Ni mzuri, hauchukui nafasi kubwa, lakini miaka ya mwanzo unadai maji mengi kuliko hii mitatu. Mti wa mwavuli unafaa kwa mwenye nafasi ya wastani na bomba la uhakika. Mti wa kuuepuka ni *Senna spectabilis*, ule unaokua upesi na kutoa mashada makubwa ya maua ya njano. Umevamia msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale na kuwa kero kubwa. Usiuchanganye na mlundalunda. Muuza miche akikuambia tu kwamba ni "ule wa njano", omba kuona ganda. La mlundalunda ni nene na refu zaidi.

Neno kuhusu mbegu za kuagiza mtandaoni. Miongozo mingi unayoikuta imeandikwa kwa nchi zenye theluji, ambako mti wa ukame huchaguliwa kwanza kwa uwezo wake wa kuhimili barafu. *Koelreuteria paniculata*, mti wa pambo wa Asia ya Mashariki, kwa mfano, unasifiwa sana huko, na kwao sifa hizo ni za haki. Lakini mbegu zake zina ganda gumu na huhitaji kukaa kwenye ubaridi wenye unyevu kwa miezi ndipo ziamke. Huku hatuna baridi hiyo. Tumia hela yako kwa mti uliokwisha kuzoea jua la Usukumani.

Hatua ya 3: Nunua mche mdogo wenye mizizi mizima

Mche mzuri una kimo cha sentimita 30 hadi 60 na shina nene kama penseli, umesimama bila kuegemezwa. Ugeuze kiriba utazame chini. Mizizi ikiwa imetoboa na kuingia ardhini pale kitaluni, muuzaji akiung'oa anaikata, na umenunua mti uliojeruhiwa. Ukiona mizizi imejizungusha ndani ya kiriba, weka chini uchukue mwingine. Najua mche wa mita mbili unavutia, na watu huulipia mara tano ya bei. Kwa kiangazi chetu ni hasara: majani mengi, mizizi ya kiriba kidogo. Panda mdogo na panda mkubwa siku moja, mwaka wa tatu mara nyingi mdogo umempita mkubwa.

Ukitaka kuotesha mkrismasi au mlundalunda mwenyewe, anza Julai. Mbegu ni ngumu, maji hayapenyi. Zisugue upande mmoja kwenye sakafu ya saruji hadi rangi ya ndani ionekane kidogo, usiguse ile ncha yenye kovu, kisha ziloweke usiku mzima. Zilizovimba zipande kwenye viriba, kina cha sentimita mbili. Zisizovimba zisugue tena.

Franjipani haihitaji mche. Omba tawi la sentimita 40 hadi 50 kwa jirani mwenye ua unalolipenda, likatwe kiangazi mti ukiwa hauna majani. Liweke kivulini wiki moja hadi mbili mpaka kidonda kikauke kabisa na kuwa kigumu. Wengi huharibu hapa: hulichomeka siku hiyohiyo na kulimwagilia, nalo linaoza kutoka chini. Likikauka, lichomeke sentimita 10 kwenye mchanga uliochanganywa na samadi kidogo, lowesha mara moja, kisha usiongeze maji hadi uone majani.

Hatua ya 4: Chimba shimo mapema

Chimba Septemba au Oktoba, kabla ya mvua. Vipimo ni sentimita 60 upana na 60 kina kwa mkrismasi na mlundalunda. Kwa franjipani 40 kwa 40. Lifanye la pembe nne, na kuta uzikwaruze kwa sululu. Shimo la mviringo lenye kuta laini kwenye udongo mgumu huifanya mizizi izunguke humohumo.

Udongo wa juu, ule wa sentimita 20 za mwanzo, weka kushoto. Wa chini weka kulia. Ukikutana na jiwe dogo litoe kwa mtaimbo. Ukikutana na mwamba mpana hama, usijidanganye kwamba mti utautoboa. Changanya debe la samadi na udongo wa juu, rudisha shimoni, malizia na wa chini. Udongo uache umeinuka kidogo, umwagie ndoo mbili na uuache ushuke hadi siku ya kupanda. Ukipanda kabla haujashuka, mti utazama, na maji yatatuama shingoni mwake.

Samadi lazima iwe imeiva: nyeusi, imevunjikavunjika, haina harufu ya zizi. Mbichi huunguza mizizi na huita mchwa.

Hatua ya 5: Panda mvua za vuli zikishika

Mvua moja isikudanganye. Chomeka nondo: ikizama sentimita 30 bila kazi, panda. Mara nyingi ni katikati ya Novemba. Wengi hupanda Machi na Aprili wakati wa kampeni za miti, na si vibaya, ila mti huo unapata miezi miwili tu ya kujiandaa kabla ya Juni. Wa Novemba unapata vuli na masika yote mawili.

Mwagilia mche saa moja kabla. Fukua tundu la ukubwa wa kiriba. Kata kwa wembe sentimita moja ya chini ya kiriba pamoja na mizizi iliyojikunja, kisha pasua plastiki kwa wima na uitoe yote. Nasema yote. Ukiung'oa mti uliodumaa miaka, mara nyingi unakuta kiriba bado kiko pale, kimekaza mizizi. Uweke mche usawa uleule uliokuwa nao kitaluni, rudisha udongo, shindilia kwa mikono na si kwa kisigino, halafu lita 10 za maji taratibu.

Hatua ya 6: Kisahani na matandazo

Zungusha tuta dogo la udongo, nusu mita kutoka kwenye shina, ili maji yasikimbie. Kwenye mteremko tengeneza nusu mwezi upande wa chini, upande wa juu uache wazi upokee maji ya mvua. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 8, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Matandazo yanayogusa shina yanaleta mchwa na kuoza.

Hatua ya 7: Mwagilia kwa nadra, lakini kwa kina

Hapa ndipo mti unapopatikana au kupotea. Kumwagia lita mbili kila jioni, kama tunavyofanya kwa mchicha, kunalowesha juu tu. Mizizi inabaki juu ikisubiri lita mbili za kesho, na siku ukisafiri wiki moja kwenda Ukerewe kwenye msiba, mti umekwisha.

Ratiba ninayoifuata:

- Mwezi wa kwanza, kama hakuna mvua: lita 10 mara mbili kwa wiki.
- Hadi Mei: lita 10 hadi 15 kwa wiki, na wiki yenye mvua nzuri usimwagilie.
- Kiangazi cha kwanza, Juni hadi Septemba: dumu la lita 20 kwa wiki, kwa mkupuo mmoja.
- Mwaka wa pili: lita 20 hadi 40 kila wiki mbili au tatu za ukavu.
- Mwaka wa tatu: acha. Kukiwa na ukame usio wa kawaida, mpe maji mara moja kwa mwezi.

Franjipani mpe nusu ya hayo, na ikipukutisha majani usimpe kitu.

Maji yaende polepole. Lile dumu la lita 5 litoboe tundu moja chini kwa msumari uliopashwa moto, liweke ndani ya kisahani, ulijaze mara kadhaa jioni hiyo. Yanatakiwa kudondoka, si kutiririka. Siku inayofuata chomeka nondo: ikizama sentimita 40 umefanya vizuri, ikigota 15 ongeza muda. Fanya kipimo hiki mara chache za mwanzo, utaujua udongo wako kuliko mwongozo wowote.

Siku za mgao wa maji, yale ya kusuuzia mboga na ya kusuuzia nguo mara ya mwisho yanafaa. Yenye sabuni nyingi au jiki yasiende mtini.

Hatua ya 8: Ulinde

Mbuzi ndio adui wa kwanza kwa viwanja vya pembezoni kama Kisesa na Usagara. Miiba inatosha kwa mwaka mmoja; uzio wa matofali yaliyopangwa kwa mianya ni bora zaidi. Upepo wa kabla ya mvua unaotoka ziwani unaweza kulaza mche, hasa Bwiru na Capri Point. Funga kigingi upande upepo unakotoka, kwa tyubu iliyolegea inayoruhusu shina kucheza. Shina lisilocheza halipati nguvu. Kigingi kitoe baada ya msimu mmoja.

Hatua ya 9: Pogoa kidogo

Mkrismasi unahitaji shina moja hadi kimo cha mita mbili na zaidi, la sivyo utakuwa kichaka kinachopasuka. Agosti au Septemba ondoa matawi ya chini mawili matatu kwa mwaka. Matawi mawili yakishindana kwa pembe nyembamba, ondoa moja mapema, likiwa nene kama kidole. Ukilichelewesha, dhoruba italipasua na kuondoka na nusu ya mti. Franjipani na mlundalunda viache vijipange.

Mti ukisumbua

*Majani yamepukutika Julai.* Kwa miti hii mitatu ni kawaida, hupumzika. Usiongeze maji kwa hofu.

*Majani yanageuka njano wakati wa mvua.* Maji yametuama. Fungua kisahani upande mmoja, yatoke.

*Majani yananyauka mchana, asubuhi yamesimama.* Ni joto tu. Yakiwa yamenyauka hata asubuhi, ndipo umwagilie.

*Udongo wa mchwa umepanda shinani.* Ubandue, sogeza matandazo, kisha angalia unyevu, kwani mchwa huushambulia zaidi mti wenye kiu. Majivu husaidia kwa siku chache hadi mvua iyaoshe.

*Unga wa rangi ya chungwa chini ya majani ya franjipani.* Ni kutu ya majani, huja wakati wa unyevu. Okota majani yaliyoanguka uyachome, na usimwagie maji juu ya majani. Haiui mti. Vidung'ata vyeupe kwenye vikonyo vioshe kwa maji ya sabuni kidogo.

*Tawi la franjipani limekuwa laini chini.* Limeoza. Kata juu ya ulaini hadi uone nyama nyeupe safi, likaushe upya wiki mbili, uanze tena.

*Mkrismasi hautoi maua.* Uliooteshwa kwa mbegu huchukua miaka mitano au zaidi. Ukiwa na umri huo na bado, angalia kama uko kivulini au kama unaumwagilia sana. Acha kuumwagilia kiangazi kizima.

*Hujui kama umekufa.* Kwaruza gome kwa ukucha, anzia juu ukishuka. Penye kijani pana uhai. Kata vilivyokauka juu yake na usubiri mvua za Novemba. Ukikuta kahawia hadi shingoni, ung'oe na uitazame mizizi. Ikiwa bado na umbo la kiriba, haikutoka kamwe: maji yalikuwa ya juujuu au plastiki haikuondolewa. Ikiwa nyeusi na inanuka, maji yalituama. Hamisha shimo au inua tuta. Ikiwa imeliwa, ni mchwa. Shimo hilohilo linaweza kutumika tena vuli ijayo ukishaondoa sababu, na debe jingine la samadi likiongezwa.